Fedha Yenyewe Inasema Nini? Kuthibitisha na Kupanga Daraja Dola Adimu za Fedha

Hotuba hii niliitoa mbele ya wakusanyaji wa sarafu waliokutana Unguja. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wakusanyaji wenzangu, mabibi na mabwana, assalaam alaykum.

Mwezi Septemba mwaka 1835 manowari ya Marekani iliyoitwa Peacock ilitia nanga katika bandari hii yetu. Ndani yake alikuwamo Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 21 Septemba 1833, Roberts alikuwa ametia saini na Sayyid Said bin Sultan, huko Maskati, mkataba wa urafiki na biashara, na sasa alikuwa akirudi na mkataba ulioidhinishwa pamoja na zawadi. Miongoni mwa zawadi hizo kilikuwamo kisanduku cha sarafu za Marekani, na miongoni mwa sarafu hizo ilikuwamo dola moja ya fedha yenye tarehe 1804. Kutoka hapa manowari ilielekea Maskati, ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, na Roberts akalazimika kuimalizia safari kwa mashua ndogo. Mwanzoni mwa Oktoba zawadi zilimfikia Sayyid Said mwenyewe.

Mnamo Agosti 2021 dola ambayo wataalamu wanaitambua kuwa ndiyo hiyo ya Sayyid Said iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 7,680,000. Ilikuwa imepewa daraja la 68, katika kipimo ambacho mwisho wake ni 70.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: sarafu hiyo iligongwa mwaka gani?

Najua wengi mtajibu 1804, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Jibu ni kwamba hakuna hata dola moja yenye tarehe hiyo iliyogongwa mwaka huo. Vitabu vya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia vinaonyesha kwamba mwaka 1804 zilitoka dola 19,570, lakini mihuri iliyotumika, yaani vile vyuma vilivyochongwa sura ya sarafu, ilikuwa ile ya 1803, na dola hizo zikaenda na tarehe ya mwaka uliopita. Baada ya hapo kugonga dola kulisimamishwa. Ilipofika mwaka 1834 serikali ikaagiza seti kamili za sarafu kwa ajili ya kupewa Sultani wa Maskati na Mfalme wa Siam, na maofisa wa kiwanda wakafungua vitabu, wakaona kwamba mwaka wa mwisho wa dola ulikuwa 1804, wakachonga mihuri mipya yenye tarehe hiyo. Kwa hiyo dola iliyopita bandarini kwetu mwaka 1835 ilikuwa changa, haijatimiza hata miaka miwili, ingawa usoni ilibeba umri wa miaka thelathini na moja.

Je, ni bandia? Hapana. Imegongwa na kiwanda halali, kwa amri halali, kwa fedha halali. Je, tarehe yake ni ya kweli? Hapana pia. Nimeianza hotuba yangu kwa sarafu hii kwa sababu inatufunza jambo la kwanza na kubwa kuliko yote katika kazi ya kuthibitisha: maandishi yaliyo juu ya sarafu ni dai, na hadithi anayotusimulia muuzaji ni dai la pili. Ushahidi uko ndani ya fedha yenyewe. Kila mara sarafu inapowekwa mbele yenu, kabla hamjauliza imetoka wapi na kabla hamjauliza bei, ulizeni: fedha yenyewe inasema nini?

Na ilisema nini fedha ya hizi za 1804? Ilisema kwamba ukingo wake una mpaka ulioinuka wenye shanga nadhifu, alama ya mitambo ya miaka ya 1830, ambayo dola za 1798 hadi 1803 hazina. Ilisema zaidi ya hapo. Miaka mingi baadaye watu wa ndani ya kiwanda hichohicho walitengeneza nyingine kwa siri, kwa ajili ya kuwauzia wakusanyaji. Mojawapo, ambayo leo imo katika makumbusho ya taifa ya Marekani, ya Smithsonian, iligongwa juu ya sarafu ya fedha ya Uswisi iliyotolewa Bern kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha ya mwaka 1857, na mabaki ya sura ya Kiswisi bado yanaonekana chini ya sura ya Kimarekani. Yaani sarafu inayodai kuwa ya 1804 imebeba mwilini mwake ushahidi kwamba haikuweza kuzaliwa kabla ya 1857. Ushahidi mzito kama huo hauhitaji shahidi wa kuapa.

Wala jambo hili si geni kwetu watu wa pwani. Riale ya Maria Theresa, ambayo babu zetu walilipana kwa karafuu na pembe, ina tarehe 1780 daima, mwaka aliofariki malkia huyo, ilhali imeendelea kugongwa Vienna na, katika karne ya ishirini, Roma, London na Bombay. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi hawakuijali tarehe hata kidogo. Waliigeuza riale, wakahesabu lulu za kipini kilicho begani mwa malkia, wakapapasa maandishi ya ukingoni, kisha ndipo wakaipokea. Hao walikuwa wakaguzi, ndugu zangu, na sisi tumerithi mikono yao.

Nije kwenye jambo la pili, nalo ni vipimo.

Kijana mmoja mfanyabiashara wa nguo, anayekwenda Guangzhou kila msimu, aliniletea dola ya biashara ya Marekani, ile iliyogongwa kwa ajili ya soko la China, yenye tarehe 1885. Aliinunua katika duka la vitu vya kale na muuzaji alimwambia kwamba ilitoka katika hazina ya familia. Alikuwa ameitia katika kitambaa cha hariri. Tarehe peke yake ilitosha kunitia shaka, kwa kuwa dola za biashara za 1885 zinazojulikana duniani ni 5 tu, lakini sikumwambia neno. Nilimwomba tuiweke kwenye mizani. Dola ya biashara inatakiwa kuwa na gramu 27.22. Yake ilisoma gramu 20 na ushei. Kisha nikasogeza sumaku, na sarafu ikaruka kuifuata. Fedha haivutwi na sumaku, wala shaba haivutwi. Kile kilichokuwa ndani ya hariri kilikuwa chuma kilichopakwa rangi nyeupe.

Namshukuru kijana yule kwa kunipa ruhusa ya kukisimulia kisa hiki, maana fedha aliyoipoteza haikuwa ndogo, na kilichomponza ni kitu ambacho kila mmoja wetu angeweza kukiona kwa vifaa vya bei ya chini: mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, sumaku, kipimo cha fundi cha kupimia unene na kipenyo, na kioo cha kukuzia mara kumi.

Shikeni namba za dola ambayo mtakutana nayo zaidi kuliko nyingine zote, dola ya Morgan, iliyochorwa na George T. Morgan, yenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, na kugongwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena 1921: uzito gramu 26.73, kipenyo milimita 38.1, fedha sehemu 900 na shaba sehemu 100 katika kila sehemu elfu. Sheria iliruhusu kiwanda kukosea kwa takriban sehemu moja ya kumi ya gramu tu, juu au chini. Iliyotembea sana mikononi mwa watu itakuwa imepungua kidogo zaidi, na hilo ni haki yake. Lakini sarafu inayodaiwa kuwa haijatumika kabisa, kisha ikawa na gramu 26.2, inajipinga yenyewe.

Kwa nini nasisitiza tupime uzito pamoja na ukubwa? Kwa sababu fedha ni nzito kuliko metali nyingi zinazotumiwa na waghushi. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, ukikatwa kwa ukubwa uleule wa dola ya Morgan, utatoa takriban gramu 23. Mghushi akitaka uzito utimie, hana budi kuinenepesha sarafu, na hapo unene utamsaliti. Kipo kipimo kimoja cha maji ambacho nakipenda sana, na leo baada ya hotuba tutakifanya pamoja. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Kwa dola ya Morgan ya kweli namba hiyo iko karibu na gramu 2.58 au 2.59. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo, upate kama 10.3. Ikiwa mizani imesoma gramu 3 kamili, mbele yako hakuna fedha ya sehemu 900, hata kama sura imechongwa kwa ustadi wa namna gani.

Lakini sikilizeni kwa makini. Kupita mtihani wa mizani si kuthibitishwa. Waghushi hodari wa siku hizi wanatumia fedha ileile, ya kiwango kilekile. Na kuna ghushi wa hatari zaidi, ambaye anaanza na sarafu ya kweli kabisa.

Hilo linanifikisha kwenye jambo la tatu, ambalo nitakaa nalo kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kazi yetu inapokuwa elimu.

Dola za Morgan za kawaida ambazo ziligongwa kwa uchache kuliko zote ni za kiwanda cha San Francisco za mwaka 1893. Ni 100,000 tu. Alama yake ni herufi S ndogo, upande wa tai, chini ya shada la majani, juu ya neno DOLLAR. Dola ya 1893 isiyo na S, ya Philadelphia, na dola ya 1898 yenye S, zote mbili bei yake iko mbali sana chini ya hiyo. Mghushi anachukua ya Philadelphia, anabandika S. Au anachukua ya 1898, anaichonga 8 ya mwisho mpaka iwe 3. Uzito sawa, kipenyo sawa, fedha sawa, maji sawa. Mizani yako itasema ndiyo, na sumaku yako itasema ndiyo. Utajiokoa kwa nini?

Utajiokoa kwa kuujua muhuri. Sarafu hugongwa baina ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na kila muhuri una makovu yake. Kiwanda cha San Francisco mwaka ule kilitumia muhuri mmoja tu wa upande wa uso. Kila dola ya kweli miongoni mwa zile 100,000, bila kubakiza, ilitoka chini ya muhuri huo, na kwa hiyo kila moja imebeba makovu yaleyale. Tazameni neno LIBERTY juu ya paji la uso wa yule mwanamke: juu ya herufi T pana mstari mdogo ulioinuka. Kisha tazameni tarehe: tarakimu 1 imesimama sawasawa juu ya jino moja la pambo la ukingoni, haikuangukia katikati ya meno mawili. Ikiwa alama hizi hazipo, hakuna S itakayokuokoa.

Nimesema mstari ulioinuka, na neno hilo naomba mlibebe nyumbani. Mkwaruzo uliokuwa kwenye muhuri hutokea kwenye sarafu ukiwa umeinuka, kwa sababu fedha iliingia ndani ya mkwaruzo. Mkwaruzo uliopatikana baadaye, kwa msumari au kwa sarafu nyingine, huwa umezama. Chini ya kioo, ukiinamisha sarafu kidogo kuelekea taa, kivuli chake kitakuambia ni upi kati ya hiyo miwili. Mtu akishaizoea tofauti hii, hatazami tena sarafu kwa macho ya jana.

Huo ni upande wa kuongeza herufi. Upo na upande wa kuondoa. Dola za Philadelphia za mwaka 1895 tunazozijua ni zile 880 zilizotengenezwa maalumu kwa wakusanyaji, kwa mihuri iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo. Vitabu vinataja nyingine 12,000 za kawaida, na hadi leo haijathibitishwa hata moja. Kwa hiyo ukiletewa dola ya 1895 isiyo na herufi, yenye uso wa kawaida uliolika, usikimbilie kufurahi. Ielekeze taa chini ya shada, mahali ambapo O ya New Orleans au S ya San Francisco ingekaa, utafute mahali palipokwanguliwa na kulainishwa. Tena msidanganyike na hesabu za vitabu: idadi iliyogongwa si idadi iliyosalia. Kwa sheria ya mwaka 1918 serikali ya Marekani iliyeyusha dola za fedha 270,232,722, na hakuna aliyekaa kuandika tarehe za zile zilizoingia kwenye tanuri.

Ndugu zangu, tuseme sasa sarafu imethibitika. Ni ya kweli. Je, thamani yake ni ipi? Hapo ndipo linapoingia suala la daraja.

Kipimo cha 1 hadi 70 kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kikahamia kwenye sarafu zote. Kuanzia 1 hadi 58 ni sarafu zilizotumika. Kuanzia 60 kwenda juu ni zile ambazo hazikupita mikononi mwa watu. Kampuni za kupanga daraja, PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC iliyofuata mwaka 1987, huifunga sarafu katika kasha la plastiki pamoja na namba yake. Makasha nayo yanaghushiwa, basi kagueni namba pamoja na picha iliyohifadhiwa na kampuni. Kasha ni maoni ya mtu aliyeitazama sarafu kabla yako, na mtu huyo naye alianza kwa kujiuliza fedha yenyewe inasema nini.

Pengo lililo kubwa kuliko yote liko kati ya 58 na 60, na linaamuliwa kwa mwanga. Shikeni sarafu ukingoni chini ya taa moja, muizungushe polepole. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao unaotembea: miale miwili inazunguka usoni mwake kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Mng'ao huo unatokana na mistari midogo mno ambayo fedha huiacha inapotiririka chini ya muhuri. Sarafu ikitumika, mistari hiyo hufa kwanza mahali palipoinuka: nywele zilizo juu ya sikio, shavu, na kifua cha tai. Miale ikifika hapo ikakatika, pakawa na kijivu kilichofifia, sarafu imetumika, hata kama ni kidogo.

Lakini dola nyingi za New Orleans ziligongwa kwa nguvu hafifu, zikazaliwa na nywele bapa na kifua bapa. Asiyejua atasema zimelika. Anayejua ataizungusha sarafu, ataona miale inapita juu ya hizo nywele bapa bila kukatika, na ataelewa kwamba kasoro ni ya kuzaliwa. Vivyo hivyo makovu ya mifuko. Dola hizi zilihifadhiwa katika mifuko ya turubai, 1,000 katika kila mfuko, karibu kilo 27 za fedha zikigongana kila mfuko unapotupwa sakafuni. Wakati serikali ilipouza karibu dola milioni 3, nyingi zikiwa za kiwanda cha Carson City, kati ya 1972 na 1980, watu walishangaa kuona sarafu ambazo hazikuwahi kununua hata mkate zina mashavu yaliyochubuka. Michubuko hiyo hushusha daraja, hasa ikiwa shavuni. Haimaanishi kuwa sarafu imetumika.

Sasa niseme linaloniuma. Bibi mmoja wa Mji Mkongwe aliniletea dola ya San Francisco ya 1881, iliyokuwa katika sanduku la marehemu mama yake. Uzito ulikuwa sahihi, na sura safi. Mjukuu wake, kwa mapenzi na heshima, alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu usiku wa kuamkia siku hiyo ili ije ikiwa nzuri. Niliizungusha chini ya taa. Hakuna miale. Uso wote ulikuwa na mikwaruzo membamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, upande wa mkono uliosugua. Nikamwambia: "Bibi, sarafu yako ni ya kweli, na itunzeni." Sikuweza kuongeza zaidi ya hapo. Kwa bahati tarehe ile si adimu, maana ziligongwa zaidi ya milioni 12. Lakini ndimu hiyohiyo juu ya 1893 ya San Francisco ingefuta maelfu ya dola kwa dakika chache, na hakuna fundi chini ya jua anayeweza kuurudisha mng'ao uliosuguliwa.

Nawaomba sana, nawaomba tena: msisugue. Msitumie ndimu, majivu, dawa ya meno wala dawa ya masonara. Rangi inayojitanda juu ya fedha, kuanzia manjano hadi zambarau na buluu na mwishowe weusi, ni salfa iliyoshikana na fedha kwa miaka, na wapo wanaolipa zaidi kwa ajili yake. Rangi ya kweli hutambaa kutoka ukingoni na kubadilika hatua kwa hatua, na mng'ao huonekana chini yake. Ya kupakwa hukaa juu juu, na mara nyingi utaikuta imejaa hata ndani ya mikwaruzo mipya.

Hapa kwetu penye hewa ya chumvi, zihifadhini mahali pakavu, mbali na mipira na plastiki laini zinazoacha utando wa kijani. Walio na dola zenye pete iliyochomelewa kwa ajili ya mkufu wasiing'oe pete hiyo, kwa maana kovu la kuchomea litabaki na sarafu itakuwa imejeruhiwa mara mbili.

Mizani, gilasi, uzi na taa viko pale mezani upande wa kushoto. Waliokuja na sarafu zao wapange mstari, wazee watangulie. Kila mmoja aishike sarafu yake ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, na aniambie kwanza anachokiona yeye kabla sijasema lolote. Ahsanteni sana.